Tani 250 kwa sababu ya milimita 15: kisa cha karakana iliyotafuta mashine ya kukunja bati

Kabla hata sijaiona mashine, nilionyeshwa panchi iliyovunjika, kile chuma cha juu kinacholisukuma bati mpaka lijikunje. Fundi mkuu aliitoa chini ya meza yake, imeviringishwa kwenye gunia, akaiweka mbele yangu vipande viwili: kichwa kinachoshikwa na mashine, na shingo pamoja na ncha yake. Ilikuwa panchi ya shingo ya bata, ile iliyochimbwa tumboni ili mguu wa kwanza wa kazi, yaani upande uliokwisha kunjwa, upate pa kupita wakati mguu wa pili unakunjwa. Ilikatika pale pale penye wembamba. Mpasuko ulikuwa wa kijivu, wenye chembechembe kama sukari, bila dalili yoyote ya kujikunja kabla ya kuachia. Chuma kilichotiwa ugumu hakiagi, kinaondoka ghafla.

"Umeona, Fundi?" mwenye karakana akaniambia. "Mashine imechoka. Tani 63 hazitoshi tena. Nimepata ya tani 250, mita 4. Nataka uniangalizie tu nisije nikauziwa mbovu."

Yaani niliitwa kubariki ndoa, mchumba alikwisha chaguliwa. Nikamwambia, "Mzee, nipe siku tatu na daftari la kazi, halafu nitakujibu." Akakubali kwa shingo upande, kwa sababu muuzaji alikuwa amempa tarehe ya mwisho ya bei ya punguzo. Wauzaji wa mashine huwa na tarehe za mwisho, na zikipita huja nyingine.

Mlango unaopitisha mwanga

Karakana yenyewe inafanya kazi za aina mbili zisizofanana hata kidogo. Upande mmoja kuna makabati ya umeme ya bati la milimita 1.5 na 2, milango ya chuma na trei za kupitishia nyaya. Upande wa pili kuna kazi za tela: mabamba ya pembeni ya milimita 6, na braketi fupi za milimita 10. Ukiacha mabamba hayo ya pembeni, yaliyopelekwa kukunjwa nje, zote zilikuwa zikikunjwa kwenye mashine moja ya haidroliki, nguvu ya kusukuma tani 63, meza ya mita 2.5, nafasi kati ya fremu mbili mita 2.1. Silinda zake mbili zimefungamanishwa na fimbo ya msokoto, kina kinawekwa kwa gurudumu la mkono, na geji ya nyuma, kizuizi ambacho bati huegemezwa ili mkunjo uangukie mahali pake, inasogezwa kwa kuzungusha.

Fundi mkuu alinikunjia mlango wa kabati, bati la milimita 2, urefu mita 2, kwenye V ya milimita 20, yaani upana wa mfereji wa kalibu, chuma cha chini ambamo panchi hulisukumia bati. Akaweka skwea mwisho wa kushoto: imekaa. Mwisho wa kulia: imekaa. Katikati mwanga ukapita chini ya skwea kama mlango usiofungwa vizuri. Digrii 92, labda 92 na nusu. Hakushtuka. Alichukua nyundo ya mpira na ubao, akaanza kuugonga mlango taratibu, na nikaelewa kwamba hatua hiyo ni sehemu ya kazi ya kila siku.

Mwenye karakana aliusoma huo mwanga kuwa ni upungufu wa nguvu. Haukuwa hivyo. Kukunja bati hilo kunahitaji takriban tani 27, chini ya nusu ya uwezo wa mashine. Tatizo ni kwamba boriti ya juu na meza ya chini zinashikiliwa pembeni tu. Ukizisukuma, katikati inalegea kidogo, kama ubao uliowekwa juu ya matofali mawili ukaukalia. Juu ya hilo, kalibu ilikuwa imelika katikati, maana kila kazi fupi kwa miaka mingi ilifanyiwa hapo hapo.

Na kulegea kidogo kunatosha kuharibu kazi. Katika ukunjaji wa kawaida panchi haifiki chini ya V. Bati linaning'inia juu ya mabega mawili ya kalibu, na pembe inatokana na kina panchi iliposimama. Ukipiga hesabu ya jiometri karibu na digrii 90, kwenye V ya milimita 20 digrii moja ni takriban milimita 0.17 za kina. Ndiyo sababu vipande vya gazeti vinafanya kazi. Niliinua kalibu yao nikavikuta chini yake, vimepangwa kama ngazi, kipande kirefu chini na kifupi juu, vyote vikiwa katikati. Karatasi mbili tatu za gazeti ni digrii nzima. Aliyevipanga alikuwa anajua anachofanya, na mashine za kisasa hufanya jambo hilo hilo kwa kabari au silinda ndogo zilizofichwa ndani ya meza, zinazoinyanyua katikati kwa kiasi kinacholingana na mzigo.

Profoma tatu

Mezani kulikuwa na profoma tatu. Ya kwanza ni hiyo ya tani 250, mita 4, haidroliki ya fimbo ya msokoto kama ile ya zamani ila kubwa, yenye kidhibiti cha kielektroniki cha kina na geji ya nyuma peke yake. Ya pili ni ya tani 160, mita 3.1, haidroliki ambayo kila silinda ina vali yake na rula yake ya kielektroniki, hivyo kompyuta inaendesha upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja kivyake. Meza inajinyanyua katikati. Bei yake ilikaribiana na ya kwanza kiasi cha kumshangaza mwenye karakana. Ya tatu ni ya umeme mtupu, bila mafuta, tani 80, mita 2.5, ghali zaidi kidogo.

Kulikuwa pia na rafiki yake aliyekuwa anauza mashine kongwe ya gurudumu zito na klachi ya mzunguko mzima. Hiyo tuliiondoa siku ya kwanza. Klachi ya namna hiyo ikishashika, boriti inakwenda mpaka chini na kurudi juu hata kama umeona mkono wa mwenzako umo ndani.

Daftari la kazi lilikuwa chafu, lakini mwandishi wake alikuwa mkweli. Tulipitia miezi ya karibuni tukaandika vitu vinne tu kwa kila kazi: unene, urefu wa mkunjo, mguu mfupi kuliko yote, na aina ya chuma. Karibu kazi tisa kati ya kumi zilikuwa bati la milimita 3 kushuka chini. Hakuna iliyozidi mita 3, na sababu ni ya wazi ukifikiria bati linavyouzwa: linakuja na urefu wa milimita 2440, 2500 au 3000. Mwenye karakana alitaka mita 4 kwa ajili ya mifereji ya maji ya mvua ambayo hakuwahi kupewa kazi yake hata moja.

Braketi

Sasa turudi kwenye panchi iliyovunjika, maana ndiyo iliyozaa wazo la tani 250.

Ilivunjika ikikunja braketi ya tela: bamba la milimita 10, upana milimita 300, mguu mmoja mrefu na mwingine wa milimita 45. Kuna kanuni ambayo kila anayekunja chuma cha kawaida anapaswa kuwa nayo kichwani, au angalau ukutani:

nguvu kwa kilonewtoni = 650 × unene × unene × urefu wa mkunjo kwa mita ÷ upana wa V

Unene na V kwa milimita. Ukigawa jibu kwa 9.81 unapata tani. Angalia unene unavyozidishwa mara mbili: bamba likiwa nene maradufu kwenye V ile ile, nguvu inakuwa mara nne. Na V iko chini ya mstari, kwa hiyo ukiipanua nguvu inashuka.

V gani walitumia? Ya 50. Mazoea ni V kuwa mara nane ya unene kwa bati jembamba, na mara nane hadi kumi kwa bamba nene. Kwa milimita 10 ilitakiwa iwe 80 au 100. Walitumia 50 kwa sababu mguu wa milimita 45 hauwezi kukaa juu ya V ya 80. Mguu mfupi unaowezekana ni takriban 0.7 ya upana wa V: kwa V ya 80 ni milimita 56. Ukijaribu na 45, ukingo wa bamba unateleza na kutumbukia ndani ya V kabla mkunjo haujakamilika. Fundi mkuu alilijua hilo kwa mkono, hata bila hesabu, akashuka kwenye V ya 50.

Tukapiga hesabu pamoja kwa chaki juu ya meza. 650 × 100 × 0.3 ÷ 50 ni kilonewtoni 390, yaani tani 40. Na kwa V finyu hivyo kanuni huwa inapunja. Ukweli uko juu zaidi.

"Tani 40," akasema mwenye karakana. "Kumbe 63 zilitosha?"

Zilitosha, na hapo ndipo penye mtego. Tani 40 zilikaa juu ya sentimita 30. Kwa mita nzima hiyo ni tani 133. Panchi ya shingo ya bata ilikuwa na maandishi ubavuni, yaliyofunikwa na grisi: tani 50 kwa mita. Tuliyasugua kwa kitambaa yakaonekana vizuri kabisa. Hapakuwa na haja ya uchunguzi zaidi.

Mashine yenyewe pia ina kikomo cha namna hiyo. Watengenezaji wengi hushauri kwamba uwezo wote wa mashine utandazwe juu ya angalau asilimia 60 ya nafasi kati ya fremu. Kwa ile ya zamani, asilimia 60 ya mita 2.1 ni mita 1.26, kwa hiyo tani 63 ni tani 50 kwa mita. Ya tani 160 ilikuwa na mita 2.6 kati ya fremu: tani 103 kwa mita. Ya tani 250, yenye mita 3.2 kati ya fremu: tani 130.

Kumbe hata hiyo ya tani 250, iliyokuwa inanunuliwa kwa ajili ya braketi hii, ingekuwa imevuka kikomo chake kwa braketi hii. Na panchi ya kawaida iliyonyooka, ya tani 100 kwa mita, ingeweza kuvunjika kama ndugu yake. Mwenye karakana alinyamaza kidogo, akachukua chaki akarudia hesabu mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo.

Suluhisho lilikuwa kwenye mchoro. Kwa V ya 80, nguvu inashuka hadi kilonewtoni 244, tani 25, sawa na tani 83 kwa mita. Inaingia ndani ya kikomo cha mashine ya 160 na cha panchi iliyonyooka. Kinachotakiwa ni mguu wa milimita 60 badala ya 45. Mteja wa tela alipopigiwa simu aliuliza swali moja tu, kama tundu la boliti litabaki kwenye sehemu bapa. Swali zuri. V ya 80 inaacha mviringo wa ndani wa takriban milimita 13, kwa kuwa chuma cha kawaida hujipatia mviringo wa karibu moja ya sita ya V. Ukijumlisha unene, milimita 23 za mwanzo za mguu ni kona, 37 zilizobaki ni bapa. Tundu likasogezwa nje kidogo, akaridhika. Tena mviringo mkubwa ulimsaidia: kwenye V ya 50 ngozi ya nje ya kona ilikuwa inaonyesha nyufa kama nywele, hasa pale bamba lilipokatwa mkunjo ukafuata uelekeo wa kuviringishwa kwake kiwandani.

Milimita 15 za mguu. Tungezilipia kwa tani 90 za ziada na mita moja ya meza isiyo na kazi.

Pale tani zilipohitajika kweli

Sitaki ionekane kwamba tani hazina maana. Mabamba ya pembeni ya tela, milimita 6 kwa mita 2.5, kwenye V ya 48 yanahitaji kilonewtoni 1219, yaani tani 124. Hapo 63 haina la kusema. Kazi hiyo walikuwa wanaipeleka nje.

Ila 650 ya kwenye kanuni ni ya chuma laini, chenye uwezo wa kuhimili kuvutwa wa newtoni 450 hivi kwa milimita mraba. Tulimwomba muuza chuma cheti cha bamba alilokuwa anawaletea. Lilikuwa S355, daraja la chuma chenye nguvu zaidi, ambalo linaruhusiwa kufika newtoni 630. Ukichukua 600, kazi ile ile inapanda hadi tani 166, na mashine ya 160 imekwama kwa tani sita. Dawa ni ile ile: V ya 60, tani 133, mviringo wa milimita 10, mguu usiopungua 42. Kwa chuma kisichoshika kutu zidisha kwa moja na nusu, na utarajie kirudi nyuma digrii mbili tatu baada ya panchi kuachia. Chuma laini hurudi karibu digrii moja au pungufu.

Kabati linapogonga paji la mashine

Hili ndilo jambo ambalo profoma zote tatu ziliandika kwa herufi ndogo, na kwa karakana hii lilikuwa kubwa kuliko tani.

Kabati la umeme ni sanduku. Unakunja pande mbili ndefu kwanza, kisha unageuza na kukunja mbili fupi kwa panchi ya vipande iliyopangwa iingie kati ya kuta zilizokwisha simama. Kuta hizo zinapanda huku na huku ya panchi. Mkunjo unapofika digrii 90, sakafu ya sanduku imelala kwa digrii 45, na kona ya ukuta inaifuata boriti ya juu. Panchi ikiwa fupi, ukuta unagonga boriti na kujikunja kama kopo.

Urefu wa panchi unaotakiwa ni kina cha sanduku mara 1.41, ongeza nusu ya unene wa boriti pale inaposhika panchi. Makabati yao yana kina cha milimita 150, boriti ina unene wa 60: 212 na 30, jumla 242. Halafu lazima sanduku litoke. Toa panchi ya 242 na kalibu ya 60 kwenye uwazi wa mashine, yaani nafasi kati ya boriti na meza boriti ikiwa juu kabisa, uone kinachobaki. Ya tani 250 ilikuwa na uwazi wa milimita 400. Inabaki 98, na ndani yake kuna sanduku lenye kuta za 150 lililokumbatia panchi. Unaweza kulitoa kwa kulivuta kando, kama hujachoka na kama upande mmoja wa panchi uko huru. Ya tani 160 ilikuwa na chaguo la uwazi wa 530. Chaguo hilo huongezwa kiwandani wakati wa kuagiza. Ukishaletewa mashine, fremu hairefuki.

Kabati likiwa ndiyo mkate wa karakana, kwangu kesi iliishia hapo. Lakini mwenye karakana alitaka kuona kwa macho, na alikuwa na haki.

Kwenda kujaribu

Tulikata vipande vyetu wenyewe: vitano vya milimita 2, urefu mita 2, vitano vya milimita 6, urefu milimita 400, tukavipakia. Sisitiza kutumia bati lako. Bati la maonyesho huwa limechaguliwa, lina unene ule ule kutoka ukingo hadi ukingo, na mashine yoyote inapendeza juu yake. Bati letu tulilipima kwa kalipa kabla ya kuondoka, na bati lililoandikwa milimita 2 lilikuwa linacheza kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Muuzaji mmoja alikataa katakata tusitumie bati letu. Alisema mashine zote hukunja chuma. Tukamuaga kwa shukrani.

Jaribio nililolitaka zaidi halikuwa la bati refu. Nilitaka kipande kifupi cha milimita 6 kikunjwe katikati, kisha kingine mwisho kabisa wa kushoto, bila kugusa kipimo cha kina. Kwenye mashine ya fimbo ya msokoto kipande cha katikati kilitoka digrii 90, cha pembeni 91 na nusu. Fimbo inazifunga silinda ziende pamoja, lakini mzigo ukiwa upande mmoja fimbo yenyewe inajisokota na boriti inainama. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Kwenye ile ya silinda huru tofauti haikufika nusu digrii.

Kwa nini nijali pembeni? Kwa sababu fundi wa makabati hupanga panchi mbili au tatu tofauti kwenye meza moja, akakunja mkunjo wa kwanza kushoto, wa pili katikati, wa tatu kulia, bila kuweka kazi chini. Mashine isiyoweza kubeba mzigo pembeni inakunyima njia hiyo, na kila kabati litashikwa mara tatu.

Ile ya umeme tuliipenda sote. Ni ya haraka, haina kelele, na mota inakula umeme pale tu boriti inapotembea. Kama karakana ingekuwa ya makabati matupu, ningemwambia mzee aichukue na asiangalie nyuma. Tani 80 hazikunji pembeni mwa tela, basi.

Mambo ambayo bei haikuyataja

Aliponiambia "Haya, ya 160," nilimuuliza vifaa viko wapi. Profoma ilikuwa na panchi moja iliyonyooka na kalibu ya pande nne, gogo zito la chuma lenye V mbalimbali kila upande. Kalibu hiyo ni nzuri kwa bamba la tela. Kwa kabati ni balaa, maana upana wake unagongwa na kila mguu unaoelekea chini.

Tukaandika orodha upya: V za 12, 16, 24, 50, 60 na 80, kila moja peke yake, panchi iliyonyooka, shingo ya bata mpya, na panchi ndefu ya masanduku katika seti ya vipande yenye jumla ya milimita 835. Seti hiyo hukatwa 10, 15, 20, 40, 50, 200, 300 na masikio mawili ya 100, la kushoto na la kulia. Masikio yana pembe zinazochomoza nje ili yaingie chini ya ukingo uliokunjwa ndani, kisha yachomolewe. Vifaa hivyo vilikula sehemu ya bajeti ambayo mzee alikuwa ameitengea rangi ya jengo. Jengo bado halijapakwa rangi.

Ulinzi nao haukuwamo kwenye profoma ya tani 250. Ile ya 160 ilikuja na leza inayosafiri na boriti, ikichungulia chini kidogo ya ncha ya panchi; mkono ukiingia, boriti inasimama. Naipendelea kuliko pazia la mwanga linalosimama mbele ya meza, kwa sababu pazia linamsukuma fundi mbali na vipande vidogo, na fundi aliyebanwa na kazi atalizima. Leza inaposhindwa kuona, boriti hushuka kwa milimita 10 kwa sekunde au chini ya hapo, mwendo ambao kiwango cha Ulaya EN 12622 kinauhesabu kuwa salama kwa mtu kuondoa mkono.

Sakafu, umeme wa fezi tatu, winchi ya kushushia: yalifanyika bila kisa.

Kisa kilikuja wiki ya kwanza ya kazi. Makabati yote yalitoka madogo kwa milimita moja, milango ikakataa kukaa. Lawama zikaenda kwa kompyuta. Mkosaji alikuwa V. Zamani bati la milimita 2 lilikunjwa kwenye V ya 20, likapata mviringo wa milimita 3.3 hivi, sasa V ya 16 inatoa 2.7. Kona ikiwa kali zaidi, chuma kinachookolewa kwenye kila mkunjo kwa kukata kona badala ya kuifuata hadi nje kinapungua. Zamani walikuwa wanapunguza milimita 4.16 kwa kila mkunjo wakati wa kukata bati. Kwa V mpya ni 3.9. Tofauti ya robo milimita, mikunjo minne, milimita moja. Kijana anayechora alibadilisha namba moja kwenye programu, na rundo la mabati yaliyokwisha katwa likageuzwa trei za nyaya.

Na kuna nililokosea mimi. Kwenye geji ya nyuma nilimshauri achukue mwendo wa mbele na nyuma na wa juu na chini, vidole visogezwe kushoto na kulia kwa mkono. Niliona kuwa tutaokoa hela. Sikufikiria mikunjo mitatu kwenye meza moja niliyokuwa naihubiri: kila kituo kinataka vidole vyake mahali pake, na fundi mkuu anazunguka nyuma ya mashine mara kwa mara huku akinung'unika. Ananung'unika kwa sauti ya kutosha nisikie.

Mwezi uliopita mteja wa tela alileta ombi la braketi za milimita 12, upana ule ule wa 300. Mzee alinipigia, lakini alikuwa amekwisha anza hesabu: V ya 100, kilonewtoni 281, tani 29 kasoro kidogo. "Tani 95 kwa mita, Fundi. Panchi ni 100."

"Inapita kwa tabu, Mzee. Na bamba likiwa S355 haipiti."

"Basi ngoja nimuulize cheti," akasema. "Na mguu una urefu gani."